Malori ya Pamba na Ugonjwa wa Kukosa Nguvu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wamekwisha kuandika habari za mizani, za hesabu na za viwanda. Sisi tumepewa habari za malori, nasi tumezipokea kwa furaha, kwa maana pamba ya Shinyanga na Geita haijapata kwenda kiwandani kwa miguu yake. Tena hatudhani kwamba mtu aweza kueleza historia ya malori ya Usukuma pasipo kueleza jinsi yalivyokuwa yakiharibika.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Lakini reli hupita mahali pamoja, na mashamba yako kila mahali. Wakulima walipoanza kuungana wakati wa Bwana Paul Bomani, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaandikishwa mwaka 1955, shida ya kwanza iliyojulikana ilikuwa mizani ya wanunuzi. Shida ya pili, isiyosemwa sana, ilikuwa usafiri. Pamba ilipokelewa katika maghala ya vyama vya msingi, na ilipasa ihamishwe kabla ya mvua. Msimu wa kununua hufunguliwa mwezi wa Mei au Juni. Mvua za kwanza huweza kuanyesha Oktoba au Novemba, na mara barabara za mbugani hugeuka kuwa ulimbo. Pamba iliyonyeshewa hushuka daraja, na mkulima ndiye alipaye. Kwa hiyo lori lililoshindwa kupanda kilima halikuwa taabu ya dereva peke yake.

Wenzetu wa Geita walikuwa na mzigo wa ziada. Aliyetoka Mwanza kwa barabara ilimpasa kupanda kivuko cha Kigongo na Busisi, akingoja zamu yake katika foleni, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Kati ya miaka hiyo barabara za huko zilikuwa za pamba, samaki na wachimbaji wadogo.

Sababu ya kwanza ya injini kukosa nguvu katika nchi yetu ni nchi yenyewe. Shinyanga iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na Geita iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, hata ikiwa mpya kabisa. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani ikiletwa huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa, plagi zikapakwa masizi meusi, na gari likavuta kwa kusitasita. Ya pili ni vumbi. Vumbi jekundu la Geita huingia penye tundu la sindano, na chujio la hewa lililojaa ni sawa na mtu akimbiaye akiwa amezibwa pua. Ya tatu ni joto: petroli huchemka ndani ya bomba, mvuke huzuia pampu, na madereva wa zamani walifunga kitambaa kibichi juu ya pampu, wakakaa kivulini kungoja. (Wengi wa abiria walidhani dereva anatambika.)

Ujuzi wa kutambua ugonjwa, kwa maoni yetu, ulizaliwa katika miaka ya shida. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua pamba ikashikwa na Mamlaka ya Pamba. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilichukua malori mengi ya mashirika na ya watu binafsi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na spea zikawa kama dhahabu. Vyama viliporudishwa mwaka 1984, ikiwemo SHIRECU hapa Shinyanga na Nyanza kule Mwanza, magari mengi yalikuwa yamechoka. Fundi wa wakati ule hakuweza kubadili pampu kwa kubahatisha, maana pampu ya pili haikuwapo. Ilimlazimu afikiri. Siku hizi vifaa vimejaa madukani, na tunaona vijana wakibadili kimoja baada ya kingine mpaka fedha za mwenye gari zikwishe; hiyo si kazi ya ufundi bali ni kamari.

Fundi wa kale alianza na maswali. Nguvu zilipotea ghafula au kidogo kidogo? Gari likiwa baridi au likiwa moto? Kisha alihakikisha kwamba kosa ni la injini kweli. Alimwambia utingo akanyage mafuta mpaka mwisho, naye akatazama kama mlango wa kabureta wafunguka wote; mara nyingi waya ulikuwa umelegea tu. Baada ya mwendo aligusa magurudumu: lililo moto kupita wenzake lina breki inayoshika. Injini ikinguruma kwa kasi na gari lisiongeze mwendo, ni klachi inayoteleza, na injini haina hatia.

Akisharidhika, alitazama moshi. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma injini ikiwa moto humfanya mtu ahofie maji yaliyoingia kwa njia ya gasketi. Katika injini ya petroli alikata moto wa plagi moja moja: silinda ambayo ikikatwa mlio haubadiliki, hiyo ndiyo iliyolala. Ndipo akapima kompresheni. Ikiwa ndogo, alitia kijiko cha oili katika silinda na kupima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki cha kijiko twakiheshimu sana, kwani kimeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure.

Yafaa tutaje pia kwamba petroli yenye risasi iliondoka kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Lilikuwa jambo jema kwa afya za watoto wetu. Lakini injini kuukuu zilitegemea risasi ile kulinda vikalio vya valvu, na zikitumiwa kwa mizigo mizito vikalio hulika pole pole mpaka valvu zisifunge sawasawa. Mwenye motokaa ya miaka ya 1960 akiona nguvu zinapungua mwaka hadi mwaka, na akute tapeti zake zinabana kila mara, asilaumu kabureta.

Sasa habari za lori letu wenyewe, la dizeli, ambalo wajumbe wengi wanalifahamu. Lilikuwa likitoka ghalani na mzigo bila kinyongo, na baada ya mwendo wa nusu saa hivi likaanza kunyong'onyea mpaka likazimika. Likipumzika, liliwaka tena. Gereji moja ya mjini ilikwisha kubadili nozeli na pampu ya mafuta kwa gharama kubwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Hoja ya kuliuza kama vyuma chakavu ikaletwa mbele ya Bodi, na wakati huo maghala matatu yalikuwa yamejaa, na wenye malori ya kukodi wamekwisha kujua shida yetu.

Fundi mzee aliyeitwa hakufungua chochote. Alimwuliza dereva: huzimika upesi tangi likiwa tupu au likiwa limejaa? Dereva akajibu kwamba likijaa huzimika upesi zaidi, jambo lililowachekesha waliokuwapo. Mzee akaagiza safari ifanywe, na mara nguvu zitakapoanza kupungua mfuniko wa tangi ulegezwe. Ulipolegezwa ulivuta hewa kwa mlio kama wa nyoka, na lori likaondoka kama lililotiwa injini nyingine. Mfuniko wa asili ulikuwa umepotea, na uliowekwa mahali pake haukuwa na tundu la kupumulia. Mafuta yakitoka pasipo hewa kuingia, tangi huvuta kurudi nyuma, na tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo husonga mapema.

Hoja ya kuuza ikaondolewa. Maghala yale matatu yalimalizika kuhamishwa mwezi wa Septemba, kwa lori lile lile, na tangu hapo kila dereva wa Chama anaandika katika daftari umbali, mzigo, na hali ya tangi kila gari linapopoteza nguvu.