Stendraivu iliyolala miezi kibao: anza na mipira kabla ya ufunguo

Haya wadau, kusi ikitulia boti zilizopandishwa juu zinaanza kurudishwa majini. Leo nazungumzia zile za stendraivu. Kwa asiyeijua, injini inakaa ndani ya boti, tezini, halafu mguu wenye gia na propela unatokea nje kwa nyuma. Volvo Penta waliingia sokoni nayo 1959, MerCruiser wakafuata 1961.

Sasa ili mguu uungane na injini, boti imetobolewa nyuma, karibu na usawa wa maji. Kinachozuia bahari isiingie ni mipira yenye mikunjo kama akodiani ya taarabu. Upo unaofunika shafti na upo mdogo wa kebo ya gia. Ukichanika mmoja, maji yanaingia ngama taratibu, pampu inayavuta usiku kucha mpaka betri inakufa, asubuhi boti iko chini. Ndo maana namshangaa mtu anayepiga rangi upya halafu mpira hajaugusa.

Ikague boti ikiwa bado juu. Inua mguu, geuza usukani mwisho kulia kisha kushoto, mulika tochi ndani ya kila mkunjo. Ukiona ufa, badilisha, usipake gundi. Kama boti ililala mguu umeinuliwa, kagua mara mbili, maana mpira ulikaa umekunjwa upande mmoja muda wote. Ikilala tena, shusha mguu.

Halafu fungua oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, tafuta sili iliyokufa kwanza. Kujaza ni kutokea tundu la chini mpaka imwagike tundu la juu, unafunga la juu kwanza ndipo la chini.

Impela ya maji badilisha tu, mabawa yake yakikaa muda yanajikunja. Kwenye MerCruiser Alpha iko ndani ya mguu, kwenye Bravo iko mbele ya injini. Na usiwashe bila maji hata kidogo, impela inaungua mara moja.

Zinki zilizolika nusu toa, mpya usizipake rangi. Wadau wa Ziwa Victoria na Tanganyika, maji baridi yanataka za magnesiamu.

Mguu ukivuliwa, fundi apime mstari wa injini kwa ile fimbo maalumu. Iingie kwa mkono mpaka kwenye kapulingi bila kugongwa. Ikigoma, nati za miguu ya mbele ya injini ndo zinapandishwa au kushushwa. Ukiruka hapo, beringi itaanza kunguruma ukikata kona.

Kabla ya kuwasha injini ya petroli fungua boksi lake, nusa, washa feni ya ngama dakika nne au zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini ukisubiri cheche ya stata.

Ikishaingia majini usiondoke, chungulia ngama kwanza, rudia baada ya nusu saa. Ukiwa kwenye mwendo, usukani ukivutia kulia, legeza kile kipezi kidogo juu ya propela, sogeza ncha yake ya nyuma kulia kidogo tu, kaza, jaribu tena. Ukivutia kushoto, sogeza kushoto.