Kamba ya Usumba

Tuitajapo mitepe ya Lamu, twawasifu manahodha na mafundi. Msokota kamba hatumkumbuki. Ilhali mbao za mtepe hazikupigiliwa misumari ya chuma: zilishonwa kwa kamba ya usumba. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, chasema bandari ya Rhapta katika pwani hii ilipata jina kwa mashua zake za kushonwa.

Mashariki ya Unguja, usumba ungali kazi ya wanawake. Maji yakipwa, mwenye kazi hufukia makumbi ufukweni, akayagandamiza kwa mawe. Baada ya miezi huyafukua, akayaponda, akasokota. Hana tajiri, hufuata bamvua.

Mitepe imetoweka, msokotaji yungalipo. Atakayeandika historia ya vyombo vyetu na aanzie kwake.