Larry Crabb: kutoka ofisi ya unasihi hadi darasani

Wadau, leo tumwangalie Larry Crabb, Mmarekani aliyezaliwa 1944 na kupata udaktari wa saikolojia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1970.

Miaka ya 70 alikuwa na ofisi yake Florida, akisikiliza matatizo ya watu mmoja mmoja. Kilichomsumbua ni hiki: saikolojia aliyosomea na Biblia anayoiamini vinakutana wapi? Akaandika vitabu viwili kujibu, 1975 na 1977, jina likakua. Mwaka 1982 akaenda kufundisha wanasihi Grace Theological Seminary, Indiana, na 1989 akahamia Colorado Christian University.

Kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Mwaka 1997, katika kitabu chake Connecting, alisema watu wa kawaida wanaojaliana wanaweza kuponyana, na kazi hiyo isiachiwe wataalamu peke yao. Hebu fikiria, mwalimu wa wataalamu ndiye anasema hivyo!

Kwetu hilo si geni. Bibi, shangazi na somo walikuwa wanasihi kabla ya vyeti kuja. Sisi tuliopanga vyumba mjini tunaona soo kumpigia shangazi, na hela ya mtaalamu hatuna.

Crabb alifariki 2021. Simaanishi ofisi za unasihi zifungwe. Mwenye sonona kali aende hospitali. Lakini kama profesa mwenyewe aliwarudishia majirani kazi hiyo, tunasubiri nini kumgongea wa chumba cha pili na kumuuliza, "Vipi, uko sawa kweli?"