Kipimo cha wingi wa virusi vya ukimwi na matumizi yake

Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, kujua kwamba ameambukizwa ni hatua ya kwanza tu. Swali linalofuata ni iwapo dawa anazotumia zinafanya kazi. Jibu hutolewa na kipimo cha wingi wa virusi.

Hupimwa vipi?

Mgonjwa hutolewa damu, na maabara huhesabu nakala za vinasaba vya virusi katika kila mililita ya plazma, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake. Pale ambapo maabara iko mbali, matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu, na husafirishwa bila kuhitaji barafu.

Kipimo hiki ni tofauti na kile cha CD4, kinachoonyesha hali ya kinga ya mwili. Virusi vinaweza kuongezeka muda mrefu kabla CD4 hazijashuka. Ndiyo maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kipimo hiki kiwe njia kuu ya kufuatilia matibabu.

Majibu yana maana gani?

WHO inashauri mgonjwa apimwe miezi 6 baada ya kuanza dawa, tena baada ya miezi 12, kisha kila mwaka. Nakala zikizidi 1,000, virusi havijadhibitiwa. Hilo pekee halithibitishi kwamba dawa zimeshindwa. Huenda mgonjwa ameruka dozi kwa kukosa nauli, kwa safari, au kwa hofu ya kuonekana akimeza vidonge. Hupewa ushauri nasaha na kupimwa upya baada ya miezi 3. Virusi vikibaki juu, huenda vimejenga usugu, na daktari hufikiria kubadili dawa.

Je, visipoonekana mtu amepona?

La. Virusi hujificha ndani ya chembe za mwili, na dawa zikiachwa, kwa kawaida hurejea baada ya wiki chache. Hata hivyo, mwaka 2023 WHO ilieleza kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa mama anayenyonyesha hatari hupungua sana lakini haiishi kabisa, hivyo mtoto huhitaji dawa za kinga na kupimwa.

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa majibu yake na tarehe ya kipimo kijacho. Anayehamia nchi nyingine aombe majibu hayo kwa maandishi, ili daktari mpya ajue pa kuanzia.