Namba Hazirudishi Gitaa

Kila nikiulizia spika za nyumba hapa Kisumu, mtu haishi kuniambia ninunue DAC kwanza. DAC ni kifaa kinachosoma namba zilizo kwenye faili na kuzigeuza kuwa umeme unaosukuma spika. Iko ndani ya simu yako, ndani ya TV, hata ndani ya ile spika ya Bluetooth. Sasa swali: ya bei itafanya benga isikike poa zaidi? Jibu liko kwenye historia ya benga yenyewe.

D.O. Misiani alivuka kutoka Shirati, Tanzania, akaongoza Shirati Jazz. Mwaka 1972, Ochieng Nelly na Collela Mazee wakaanzisha Victoria Jazz. Kazi zao zilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hivyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, ya pili ukigeuza. Gitaa la solo lilidonoa nyuzi za juu kama nyatiti. Namba hazikuwepo. Sindano ilifuata mfereji, na mfereji ulikuwa na umbo la sauti yenyewe.

Halafu kaseti zikatawala. Santuri ikanakiliwa kwa kaseti, kaseti kwa kaseti nyingine, na kila nakala ikaongeza mvumo na kufifisha zile nyuzi za juu. Mwisho ikaja MP3. Ile ya kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi hukata sauti zilizo juu ya hezi 16,000 hivi, na hutupa nyingine nyingi ambazo programu inadhani hutazimiss.

CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na ngazi 65,536. Siku hizi hata DAC ya bei ya chini huzisoma sawasawa. Kama simu au laptopu yako inaleta mlio wa chaja kwenye spika, DAC ya nje inaweza kusaidia. Lakini gitaa lililopotea kwenye kaseti ya tatu halirudishi. Itakupa ule mvumo tu, tena safi kabisa.

Kwa hivyo kazi kubwa ni ile ya kinyume: kugeuza santuri kuwa namba kabla haijapinda kwa joto. Misiani alifariki hapa Kisumu mwaka 2006, kwenye ajali ya barabarani. Miaka miwili baadaye, Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mkusanyiko wa Retracing the Benga Rhythm. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kama kuna mzee kwenu Bondo au Kendu Bay mwenye santuri chini ya kitanda, pesa ya DAC nunulia sindano mpya. Zisafishe, zirekodi pande zote mbili, hifadhi kwa WAV, si MP3. Halafu umrudishie mzee santuri zake.