Jungu, Sufuria na Safari

Mfasiri wa Macbeth hukwama mbele ya chombo wanachokizunguka wale wachawi watatu. Akiite jungu, au sufuria? Kamusi humruhusu yote mawili, ila maneno haya hayakutoka jiko moja.

Jungu ni chungu kilichokuzwa: udongo uliofinyangwa, ukakaushwa, ukachomwa. Nyungu, jina lake la kale, lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu za bara. Wala halijafa. Mwaka 2020, siku za korona, Watanzania wengi walipiga nyungu, yaani walijifukiza kwa mvuke wa majani, hata pale maji yalipochemshiwa katika sufuria ya alumini.

Sufuria ni neno la shaba. Asili yake ni Kiarabu, sufri, na huandikwa kwa swadi, fe na re. Katika hati isiyotiwa irabu, herufi hizo hizo ndizo za sifuri, ile namba ya utupu. Msomaji huamua kwa maana. Safari nayo ina fe na re, lakini huanza kwa sini. Herufi za Kirumi zimeitupa tofauti hiyo, na sasa sufuria na safari hufanana kama watoto wa mama mmoja. Kosa hilo la macho lina utamu wake, kwani kweli vyombo hivi vilisafiri. (Na wanaosema masufuria wasikemewe sana, sufuria la shughuli si kijisufuria cha chai.)

Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, waliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara mingi. Wapagazi walikula kikundi kwa kikundi, kila kikundi na chungu chake, na chungu kikivunjika njiani ilikuwa hasara ya tumbo.

Mbele zaidi, Uvinza, chungu kilikuwa kiwanda. Maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa humo mpaka ikabaki chumvi nyeupe ya kuungia mboga, na chumvi hiyo ikauzwa mbali. Sutton na Roberts walipochimba hapo mwaka 1967 walipata vigae vinavyoonyesha kuwa kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Kwa wachawi wa Macbeth, basi, jungu lafaa zaidi. Sufuria inanukia wali. Jungu lina giza na umri, na jungu kuu halikosi ukoko.

Huko Sikonge, kusini ya Tabora, nchi ya asali, sufuria ina kazi yake. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa kwa maji, yakachujwa kwa kitambaa, kisha yakaachwa yapoe. Nta huelea na kuganda juu kama sahani ya manjano. Taka hubaki chini. Sufuria iliyoyeyushia nta haisuguliki ikatakata, kwa hiyo huwekwa kando na haisongewi ugali tena.