Nduma na Duma: Jina la Bendi Moja na Historia ya Wimbo Uliozuiwa

Makala haya mafupi yanahusu neno moja ambalo mkazi wa Kimbo, kati ya Ruiru na Thika, aweza kulifahamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Katika Kiswahili, duma ni mnyama mwenye mbio. Katika Kikuyu, nduma ni giza; tena kwa maandishi yaleyale ni zile nduma za kuchemsha zinyweshwazo chai, maana ambayo haielekei kuwa ndiyo iliyokusudiwa hapa. Mashamba ya kahawa na mkonge, na baadaye viwanda, yaliwakusanya katika eneo hili watu wa lugha nyingi, hata Kiswahili na Kikuyu vikakaa katika kinywa kimoja.

Duma lilikuwa jina la bendi ya vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao, yenye jina hilohilo, ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lilifasiriwa kwa Kikuyu: giza. Lakini tahajia ya Kikuyu haina "d" isiyotanguliwa na "n". Kwa hiyo neno lilikwisha kuvuliwa nazali yake na kuvikwa vazi la Kiswahili kabla muziki haujaanza.

Muziki wenyewe ni wa ukoo wa panki na metali: gitaa la Karugu na mashine za ngoma ziendazo kwa kasi ya kutisha, na juu yake mayowe, miguno na ngurumo za koo la Khanja. Maneno hayashikiki. Wapo watakaosema kuwa huu ni uigaji tu wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1980. Hoja hiyo ni nyepesi mno, kwani haiulizi ni wimbo wa aina gani uliotangulia katika nchi ya Wakikuyu.

Mwaka 1929, wamisheni walipowabana waumini juu ya tohara ya wasichana, mgogoro ulioifikia hata misheni ya Kambui, isiyo mbali na Ruiru, ulizuka wimbo wa Muthirigu. Vijana waliucheza wakiwakejeli wamisheni na machifu kwa majina. Mapema mwaka 1930 serikali ikaupiga marufuku. Yafaa tuone kilichouponza: si ngoma, bali maneno, kwa sababu maneno huandikwa, hutafsiriwa na kupelekwa mahakamani. Nyimbo za Mau Mau, zilizotiwa maneno mapya katika tuni za kanisa, zilisakwa kwa njia hiyohiyo. Joseph Kamaru alipomwimbia J.M. Kariuki aliyeuawa mwaka 1975, wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1982 mchezo wa Kamirithu, Maitu Njugira, ulijaa nyimbo. Ulizuiwa kuingia Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza.

Mwaka uleule wa 2020 mjukuu wa Kamaru, aitwaye KMRU, alitoa albamu yake Peel, isiyo na uimbaji. Mmoja kwa utulivu, mwingine kwa kelele, wote wawili wameliacha neno lililowaponza waliowatangulia. Sidhani kwamba ni woga. Hata hivyo hapana budi kukiri hasara, nayo si hasara ya maana peke yake. Muthirigu ulikuwa mali ya kila mtu: aliyeijua tuni aliweza kuongeza ubeti wake, kijiji kwa kijiji. Yowe la Khanja haliongezwi ubeti. Msikilizaji wa Kimbo aweza kulistaajabia, lakini hawezi kulijibu.

Mwaka 2024 Khanja, akitumia jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu ya peke yake, The Adept. Aliitolea kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, anayemtaja kuwa nyanya mkuu wake, mpiganaji wa Mau Mau aliyepewa cheo cha jemadari msituni, ambaye hakuzikata nywele zake za msituni hadi mwaka 2022, na kufariki mwaka uliofuata.